Benchi la Mzee Mashaka

Shule ilipofungwa mchana, wenzake Sihaba walitawanyika kwenda majumbani, naye akashika njia ya zahanati. Ndivyo alivyofanya kila siku. Ufunguo wa nyumba yao ulikuwa mmoja tu, na mama yake, Muuguzi Hadija, alitembea nao mfukoni. Kwa hiyo Sihaba alikaa barazani, akatoa daftari lake la darasa la sita, akafanya hesabu huku akimngoja mama amalize kazi.

Walikuwa wamehamia kijiji hicho cha delta, mto unapoingia baharini, upande wa Mbuchi, miezi minne nyuma wakitokea Mohoro. Zahanati ilikuwa na wauguzi wawili. Mmoja ni mama yake, wa pili ni Mzee Mashaka, aliyekaribia kustaafu. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, na nje ya kila mlango palikuwa na benchi. Benchi la Mzee Mashaka lilijaa mpaka kina mama wengine wakatandika kanga chini. Benchi la mama lilikaa tupu.

Jambo hilo lilimshangaza Sihaba. Mama yake alizijua dawa zote kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, akikuchoma sindano husikii kitu. Sasa watu walimkimbia kwa nini?

Mama mwenyewe lilimuuma. Jioni moja, akichambua mchele, aliusukuma ungo pembeni akasema, "Sijui nimewakosea nini watu wa hapa. Kazi naifanya vizuri, tena haraka. Anayekuja kwangu ni yule aliyechoka kusubiri kwa Mzee Mashaka."

Kuanzia siku hiyo hesabu za Sihaba hazikuendelea sana. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa Mzee Mashaka. Alitaka kujua ni kitu gani kilichowavuta watu kwake.

Kwanza alidhani ni sura. Akamtazama vizuri: mzee mfupi, kipara, meno mawili ya mbele hayapo. Hapana, si sura. Labda ni maneno matamu? Lakini Mzee Mashaka alikuwa na kigugumizi, neno moja lingeweza kumchukua muda mrefu. Basi labda ni kwa kuwa ni mwenyeji. Akamuuliza Salama, rafiki yake wa darasani.

Salama alicheka. "Mwenyeji wa wapi? Yule ni mtu wa Lindi. Alikuja hapa mama yangu akiwa msichana."

"Sasa mbona mnampenda hivyo?"

Salama akafikiri kidogo. "Sijui. Ukienda kwake, ukitoka unajisikia umesema yote."

Jibu hilo lilimkaa Sihaba kichwani. Kesho yake hakusikiliza walichosema wagonjwa, ila aliangalia tu, kwa kupitia mlango ulioachwa wazi, kile alichofanya mzee. Akagundua mambo ambayo hakuwahi kuyatia maanani. Mama aliyempakata mtoto alipokaa, Mzee Mashaka alivuta kigoda akakaa naye sawa, macho kwa macho. Alimwuliza mtoto jina lake, hata kama ni mchanga asiyeweza kujibu. Kisha aliuliza swali moja, akaiweka kalamu mezani, akanyamaza. Alinyamaza mpaka Sihaba akahisi aibu kwa niaba yake. Na hapo ndipo yule mama alipoanza kuzungumza.

Mama yake Sihaba hakuwa hivyo. Yeye aliuliza amesimama. Kalamu yake ilianza kuandika kabla mgonjwa hajamaliza sentensi ya kwanza.

Sihaba alitamani kumwambia, lakini mtoto atamfundishaje mama yake kazi? Akarudi kwenye daftari lake.

Alhamisi iliyofuata Mzee Mashaka alikwenda bandarini kupokea dawa za chanjo. Mama akabaki peke yake na foleni nzima. Miongoni mwa waliokuja alikuwa Mwantumu, mwanamke kijana wa mtaa wa pili, amembeba mwanawe Haidari mgongoni. Mama alimpima mtoto malaria, akatoa dawa, akaeleza namna ya kumnywesha. Yote yaliisha kwa dakika chache.

"Kuna jingine?" mama aliuliza, huku akimwita kwa mkono aliyefuata.

"Hakuna," alisema Mwantumu.

Lakini alipofika mlangoni alisimama. Aligeuka nusu, midomo ikachezacheza, kisha akashuka ngazi akaenda zake. Sihaba aliyaona yote hayo. Moyo ukamwambia mwanamke yule ameondoka na neno lake.

Akaacha daftari, akamfuata. Alimkuta ameketi kwenye gogo kando ya njia, anamfunika mtoto vizuri.

"Shikamoo dada," alisema Sihaba. Akakaa chini kwenye majani. "Mtoto anaitwa nani?"

"Haidari."

"Haidari," Sihaba alirudia. "Anaumwa sana?"

Kisha akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu, maana maneno yalimjaa mdomoni. Aliuma mdomo wa chini, akangoja.

Mwantumu alitazama mikoko ng'ambo ya mto. "Alfajiri alikakamaa," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Macho yakageuka, mikono inatetemeka. Mama mkwe kasema ni degedege, nisilitaje zahanati, mtoto atachomwa sindano afe. Mdogo wangu, naogopa."

Sihaba alisimama. "Dada, turudi. Tafadhali. Nitaingia na wewe."

Mwantumu alisitasita, akamwangalia mtoto aliyekuwa ameanza kulegea, akanyanyuka.

Muuguzi Hadija alikunja uso alipomwona binti yake akipenya foleni. "Sihaba! Unafanya nini huku?"

"Mama, naomba ukae," alisema Sihaba. "Kaa tu kwanza. Dada ana neno."

Mama alimtazama binti yake, akamtazama Mwantumu, kisha akavuta kiti akakaa. Akaiweka kalamu mezani. Mwantumu alisema yote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mama alimchoma Haidari sindano ya kwanza ya malaria kali, akapiga simu kuomba boti ya injini, naye akaenda nao mpaka ng'ambo, ambako gari la wagonjwa liliwachukua kuwapeleka hospitali. Njiani Haidari alikakamaa tena, lakini sasa alikuwa mikononi mwa watu wanaojua la kufanya.

Siku sita baadaye Mwantumu alirudi na mtoto anayelilia andazi. Hakupita kwa Mzee Mashaka. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la Muuguzi Hadija, akakaa.

Jioni hiyo, walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alishika mkono wa Sihaba.

"Nianze na lililo baya," alisema. "Mambo ya mgonjwa ni siri yake. Usirudie kumuuliza mtu ugonjwa wake, na ulichokisikia kwa Mwantumu kiishie kwako. Siku nyingine ukiona jambo, njoo unishtue mimi."

"Sawa, mama. Nisamehe."

"Na mimi unisamehe. Nilimwambia Mzee Mashaka yote. Nilimwuliza anawavuta watu kwa dawa gani. Akacheka, akasema kigugumizi ndicho kilichomfundisha. Kwa kuwa kusema kunamchosha, alijizoeza kusikiliza. Mimi nilidhani watu wanamtaka anayejua mengi. Kumbe mtu humwendea anayemwona kuwa ni mtu, anayempa nafasi ya kusema. Ujuzi wangu wote ungekuwa bure siku ile, mwanangu, kwa sababu sikungoja neno moja. Hata shuleni ni hivyo. Ukitaka rafiki, usitafute cha kumwambia. Muulize, kisha umsikilize kweli."

Walifika nyumbani. Mama alifungua mlango, lakini hakuingia jikoni kama kawaida yake. Alikaa kizingitini, akamwachia Sihaba nafasi ubavuni kwake.

"Haya," alisema. "Shule mpya unaionaje?"

Kisha akanyamaza, akangoja.