Chumba Alichonunua Kabwe

Soko la Rumonge, kando ya ziwa, lilikuwa limejaa asubuhi ile ya mwaka wa 1971. Kabwe alikuwa amebeba ubao begani. Aligeuka kumsalimia mtu, ncha ya ubao ikagonga beseni kichwani kwa msichana, na ndagala wote, dagaa wa ziwani, wakamwagika.

"We bwana! Ubao hauna macho, na wewe je?"

"Nisamehe, dada. Macho iko. Yamekuona wewe, yakasahau ubao."

Watu wakacheka. Msichana huyo, Batuli, alivaa kanga mpya za manjano, na alikaza midomo asicheke nao. Kabwe akapiga magoti, akaokota ndagala mmoja mmoja, akipuliza mchanga, mpaka wa mwisho. Batuli hakusahau kule kupuliza.

Kabwe alikuwa seremala na alilala karakana. Alipopeleka posa, baba yake Batuli, mzee Hamissi mshona nguo, alimjibu kwa upole.

"Wewe ni kijana mzuri. Lakini binti yangu hatalala juu ya maranda. Pata chumba chako mwenyewe, hata kimoja, tutasoma nikaha."

Kabwe akauza baadhi ya vyombo vyake vya kazi, akanunua chumba kimoja katika mtaa wa Waswahili, ambako nyumba zimebanana hata jirani husikia kijiko cha mwenzake. Kilikuwa cha zamani: dirisha moja, mabati yenye kutu, pazia mlangoni. Aliyemuuzia ni mzee Mbaraka, aliyetaka kurudi kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mkewe Riziki. Waliandikiana mbele ya mashahidi mwishoni mwa mwaka. Siku nne baadaye, kabla hajahama, mzee akafariki.

Mama Riziki akakaa eda mle mle. Mjane hatoki nyumba aliyofiwa mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Kabwe hakuweza kumtoa. Wala hakumwambia Batuli, maana aliogopa mzee Hamissi akisikia atakwenda kumhamisha yule mama, au atavunja posa.

"Mabati yanavuja, roho yangu," alimwambia. "Nayatengeneza kwanza."

"Mabati gani ya miezi mitatu? Unaezeka msikiti?"

"Subira, sheri wangu."

Subira ya Batuli ikaisha siku shoga yake, Sikujua, alipokuja mbio.

"Dada, chumba chako kina mtu! Kila alfajiri Kabwe anaweka ndoo ya maji mlangoni. Mkono wa mwanamke unatoka nyuma ya pazia, unaichukua. Nimeona mwenyewe."

Jioni Kabwe alipopita, Batuli alisimama dirishani.

"Umekuja kufanya nini? Nenda ukampelekee maji mke mwenzangu!"

Kabwe akafungua mdomo. Ndani, cherehani ya mzee Hamissi ilikuwa imenyamaza, mzee anasikiliza. Kabwe akafunga mdomo, akaondoka. Batuli akaona hiyo ndiyo kukiri.

Wiki tatu hawakusemeshana. Siku ya Alhamisi Batuli akachoka kulia. Akavaa gauni la bluu, akapaka wanja, akatia herini, ili huyo mwanamke amjue anayemwibia. Akaenda mtaani, akalivuta pazia kwa nguvu.

Mkekani alikuwa amekaa mama mzee, amevaa nguo nyeupe.

"Amahoro, mwanangu. Wewe ni Batuli, siyo?"

Batuli alibaki na pazia mkononi.

"Kabwe anaweka maji, anasema, 'Mama, maji iko,' anaondoka. Uso wangu hajauona tangu nifiwe. Nilimwambia anihamishie kwa jirani, eda imalizike huko, naye aoe. Akakataa. Alisema Batuli hawezi kuwa na raha katika chumba alimotolewa mjane."

Batuli akakaa chini, wanja ukamchuruzika.

"Zimebaki siku ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

"Zimalize zote."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja karakana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako angemhamisha."

"Ningemshika baba miguu!"

"Niliogopa, Batuli."

"Mpumbavu wangu wewe."

"Wako?"

"Wa nani tena?"

Kabwe akacheka, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Basi kesho naenda Minago kufuata mbao za kitanda. Kikubwa."

"Na chumba kile? Kitaenea?"

"Tutatoa miguu nje. Majirani watuvishe soksi."

Alikwenda Ijumaa, kwa baiskeli. Jumamosi uasi ukazuka, watu wakaanza kuuana Rumonge. Baadaye wakaja askari wenye bunduki na malori yao, makamyo, wakakusanya wanaume, na njia ya Minago ikafungwa. Mvuvi mmoja aliyekimbia kutoka huko alikuja hadi kwa mzee Hamissi, japokuwa kutembea kulikuwa hatari, kusema alichokiona: Kabwe alipandishwa kamyo pamoja na wanaume wengine. Ilikokwenda, hakujua.

Wanawake wa mtaa hawakujua wampe Batuli pole gani. Hakuwa mke, kwa hiyo hakuwa mjane. Hata eda hakuwa nayo. Walimletea uji, wakakaa naye, nao huo ulikuwa wema.

Siku mama Riziki alipotoka eda, hatua zake za kwanza nje zilimleta kwa Batuli. Alikuta mzee Hamissi anafunga mizigo, cherehani imekwisha kuviringishwa ndani ya mkeka.

"Nimekifagia chumba, mwanangu. Ni chako. Mimi nitatafuta njia ya kwenda Uvira kwa watu wangu."

"Baba amepata mtumbwi wa Kigoma, mama. Tunavuka leo." Batuli akamshika mikono yote miwili. "Usiende Uvira. Kabwe akirudi, akute nani?"

Mama Riziki alitazama upande wa ziwa. Milima ya ng'ambo, kwa ndugu zake, ilionekana vizuri siku ile.

"Nitakaa."

"Mpaka lini, mama?"

"Safari hii sihesabu."