Kasuku na Banda la Kuku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Kasuku alikuwa na kazi moja, na aliichukia kama dawa chungu: kuwapa kuku chakula na kuokota mayai. Banda lilijengwa nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta wa choo. Kinyesi kilikuwa kimeganda sakafuni, kigumu juu na laini chini, na ukikanyaga vibaya kiatu kinazama. Aliingia ameziba pua kwa ukosi wa sare, akatoka mbio.

Banda halikusafishwa kwa sababu Mjomba alikataza. "Kona ile usiiguse, Kasuku," alimwambia kila mara. Kasuku lilikuwa jina ambalo Mjomba mwenyewe alimpa mpwa wake.

Katika kona ile, chini ya magunia yaliyolowa, kulikuwa na sanduku la chuma lenye ukubwa wa begi la shule. Lilikuwa na joto mchana kutwa, na kuku mwekundu alilipenda sana, hata mayai alitagia juu yake. Waya ulipanda kutoka sandukuni hadi kwenye bomba refu lililofungwa kamba ya kuanikia nguo.

Hiyo ndiyo ilikuwa redio ya Mjomba. Alikuwa fundi redio, na mtambo ule aliuunda kwa mikono yake. Leseni hakuwa nayo wala hakuitaka. "Leseni ya nini? Hewa haina mwenyewe," alisema. Kila jioni alimkalisha mpwa wake chumbani mbele ya kipaza sauti kilichovalishwa soksi, naye akasoma salamu na kucheka. Mjomba alirekodi, akarusha kesho yake saa kumi. Mtaa mzima ulimjua Kasuku. Wenzake darasani walimwonea wivu, naye alivimba kichwa.

Mara mbili watu wa mamlaka ya mawasiliano walikuja kuuliza. Walipekua chumba cha Mjomba, wakakuta redio mbovu tu. Walipoondoka, Mjomba alicheka hadi machozi. "Nani mwenye shati jeupe ataingiza mkono kwenye kinyesi cha kuku?"

Mama yake Kasuku, dada yake Mjomba, alifanya kazi katika kituo cha magari ya wagonjwa. Aliongea na madereva kwa redio ya mezani na kuwaelekeza hospitali ya kwenda. Kwa wiki kadhaa sasa alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Wanasema nalala kazini," alisema siku moja mezani. "Dereva anaita mara tano, mimi nasikia makelele matupu. Nimeshaandikiwa barua mbili. Ya tatu ni ya kunifukuza."

"Pole, dada," alisema Mjomba, mdomo umejaa chakula. "Vyombo vyenu ni vibovu." Akaongeza mchuzi, akalamba vidole.

Kasuku alimtazama, halafu akatazama sahani yake. Akaisukuma kando.

Ijumaa shule ilifungwa mapema, akapitia kituoni kuchukua ufunguo. Mama alikuwa mezani, mbele yake redio na daftari. Msimamizi alisimama nyuma yake, mikono kifuani, akisubiri kosa.

Saa kumi na dakika chache redio ikaita. "Kituo, gari la pili hapa. Nina mtoto, anapumua kwa shida. Nimpeleke…"

Ikakwaruza. Halafu kikasikika kicheko, kicheko cha mtoto aliyejipenda sana. "…na salamu nyingine zimwendee muuza viatu wa pale kona, mwambieni viatu vyake vinabana kuliko mama wa kambo…"

"Gari la pili, rudia," alisema Mama. "Rudia, sikupati."

Kasuku wa redioni aliendelea kucheka. Chini yake, mbali, dereva alikuwa akipiga kelele. Kasuku wa mlangoni akaitambua sauti yake. Mdomoni ilimjia harufu ya banda, kana kwamba amelamba sakafu yake. Sauti ile, aliyokuwa akiirudia kila jioni ili aisikie tena, sasa ilimtia kichefuchefu.

Mama akageuka polepole. Aliijua sauti aliyoizaa.

"Ni redio ya nani hiyo?" aliuliza msimamizi.

Mama aliinamisha kichwa. Mwenye redio alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

"Ni mimi," alisema Kasuku. "Hiyo sauti ni yangu. Mashine ni ya Mjomba, iko kwenye banda la kuku."

Msimamizi alipiga simu mbili. Ya kwanza ilimpata dereva kwenye simu yake ya mkononi, na mtoto akafikishwa hospitali amechelewa, lakini akiwa hai. Ya pili ilimleta mkaguzi wa masafa ya redio. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, na gari lake lilikuwa na antena juu ya paa. Walipofika nyumbani pamoja na Mama, mkaguzi alimwonyesha Kasuku ramani yenye mistari miwili.

"Nilisimama hapa, antena ikaelekea huku. Nikasimama kule, ikaelekea huku. Mistari imekatana mtaani kwenu. Mtaa niliujua, ila banda sikulijua."

Akakunja mikono ya shati, akaingia. Alimnyanyua kuku mwekundu taratibu, akaondoa magunia, akafungua sanduku. Mende wakamiminika juu ya mikono yake. Kasuku alitapika kando ya ukuta.

"Hewa haina mwenyewe, mama," alisema Mjomba mlangoni.

"Hewa ya kuvuta haina," alijibu mkaguzi bila kugeuka. "Masafa yanagawanywa. Redio wana sehemu yao, ndege yao, magari ya wagonjwa yao. Wawili wakisemea mahali pamoja, hasikiki hata mmoja. Kichujio kiko wapi?"

"Nilikitoa. Kinakula nguvu."

"Ndicho ambacho kingezuia mawimbi yako yasimwagikie wenzio. Umekuwa kama choo kinachofurika. Wewe umestarehe kwako, uchafu unaingia sebuleni kwa jirani."

Mjomba akamtazama dada yake. "Dada, sikujua kama ni wewe unayeumia."

"Na angekuwa dada wa mtu mwingine?" aliuliza Mama.

Mjomba alichukuliwa pamoja na sanduku lake kwenda kuandika maelezo, na kesi ikamsubiri. Barua mbili za Mama zilifutwa.

"Na mimi mtanichukua?" aliuliza Kasuku.

"Wewe chukua koleo," alisema mkaguzi.

Kasuku alikwangua banda siku mbili, tabaka kwa tabaka. Kuku mwekundu alizungukazunguka kona yake akitafuta joto. Jumapili Mama alirudi kutoka kazini, akasimama kumtazama.

"Leo nimemsikia dereva hadi akipiga chafya," alisema. Kisha sauti ikawa nzito. "Ulijua Mjomba anajificha, mwanangu. Uliwaona wale watu wakiondoka mikono mitupu, ukanyamaza. Kila asubuhi ulipita hapa umeziba pua, ukajiona msafi. Aliyeziba pua hajafagia kitu. Uongo ukiuona, useme siku ileile, kabla haujaganda."

Kasuku alishusha ukosi wa nguo kutoka puani, akaendelea kukwangua.