Kamba kwenye Mashine ya Babu Harm

Katika mtaa wa Bibi Theda, Jumamosi haihitaji kalenda. Unaijua kwa masikio. Kwanza mafagio yanakwaruza njia za mbele ya nyumba, hata zile ambazo hazina jani moja. Kisha magari yanaoshwa, pamoja na yale yaliyooshwa Jumamosi iliyopita na hayakwenda popote. Halafu, chai ya saa tano ikishanywewa, mashine za kukata nyasi zinaanza kuunguruma, moja huku, nyingine kule, kama mbwa wanaojibizana. Jioni zote hunyamaza. Kesho yake ni Jumapili, na Jumapili huku kaskazini mwa Ujerumani hata nzi huruka kwa adabu. Ukiwasha mashine siku hiyo, jirani hatakutukana. Atasimama tu nyuma ya ua akutazame. Afadhali matusi.

Wiebke alizipenda Jumamosi hizo tangu alipokuwa mdogo. Enzi za Babu Harm, yeye ndiye aliyekuwa mbeba waya. Babu alitangulia na mashine, viatu vyake vya mbao vikigonga vijiwe vya njiani, akipiga mluzi wa wimbo ambao hakuna aliyewahi kuutambua. Wiebke alifuata nyuma na waya begani, kama wale watoto wanaobeba mkia wa gauni la bibi harusi. Wakimaliza, waliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Bibi aliwaletea chai, sukari ya mawe ikialika ndani ya kikombe, na Babu alinusa mikono ya shati lake na kusema, "Hii ndiyo harufu ya mtu tajiri."

Babu alifariki majira ya baridi, nyasi zikiwa zimelala. Joto liliporudi, ziliamka kama kawaida yake. Hakuna aliyekuwa ameziambia habari.

Ziliota, zikaota, hadi zikamfika Enno magotini. Enno ni mdogo wake Wiebke, na kusema kweli magoti yake hayako mbali sana na ardhi, lakini pori ni pori. Ndipo Mjomba Focko alipoleta wazo lake.

"Mama, tumwage kokoto tu," alimwambia Bibi Theda. "Kokoto haioti, haiombi maji, wala hainyolewi. Nyasi nani atakata?"

"Mjomba, hapo ndipo Babu alinifundisha kuendesha baiskeli!" Wiebke alisema.

"Na ndipo ulipoangukia pua. Kokoto zitafunika ushahidi."

Bibi hakucheka. Tangu msiba alikuwa amechoka kubishana. "Jumapili mnakuja chai hapa," alisema mwishowe. "Nikiona uwanja umekaa vizuri, nyasi zibaki. Nikiona pori, Focko, lete kokoto zako."

"Nitazikata mimi!" Wiebke akadakia.

"Umri unakuruhusu. Ila umngoje mama yako atoke kazini Jumamosi, asimame nawe. Peke yako, hapana. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kusikia alisikia kweli. Masikio yake hayakuwa na tatizo.

Jumamosi ilipofika, mvua ikaamka mapema kuliko watu wote. Ilinyesha asubuhi nzima, ikanyesha chai ya saa tano, ikanyesha chakula cha mchana. Wiebke alikaa dirishani akiitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua kuaga. Ilipokatika, alasiri ilikuwa imeshasogea. Mtaa mzima ukatoka mbio kuiwahi Jumapili, na mashine zikaunguruma kila upande.

"Mama anakuja jioni," Enno alisema. "Na jioni kuna kengele za kanisa. Ukiwasha mashine wakati wa kengele, Bwana Ubben wa jirani atakutazama."

"Ndiyo maana simngoji."

"Bibi amesema…"

"Bibi anaoka keki, na redio inaimba. Kwa kelele hizi zote, atajuaje mashine ipi ni ya nani? Twende."

Walifungua banda. Mashine ilikuwa palepale Babu alipoiacha, imefutwa vumbi, waya wake umekunjwa vizuri. Kwenye mpini wake ulikuwapo wenzo mwekundu, ule unaobanwa kwa mkono wakati wa kukata. Ukiuachia, mota inazimika. Lakini Babu Harm alikuwa na vidole vinavyouma kwa baridi yabisi, na kubana kwa muda mrefu kulimtesa. Kwa hiyo aliufunga wenzo na mpini kwa kipande cha kamba, mashine ikawaka moja kwa moja, na yeye akasukuma huku akipiga mluzi. Kamba hiyo ilikuwa bado inaning'inia pale.

Wiebke aliishika. Kisha akaizungusha kwenye wenzo na kuikaza.

"Unafanya nini?" Enno aliuliza.

"Babu alifunga hivi."

"Babu alikuwa anaumwa vidole. Vyako vinaumwa nini? Simu?"

"Ukiendelea kuongea, utabeba waya kwa mdomo wako."

Akachomeka plagi, akaunganisha waya wa nyongeza, na maungio ya nyaya hizo mbili akayaacha yakalale kwenye nyasi zilizolowa. Miguuni alivaa ndara. Mashine ikanguruma. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri kabisa, na ile harufu ikapanda, harufu ya mikono ya shati la Babu. Wiebke alijikuta anapiga mluzi. Wimbo ulikuwa uleule usiojulikana.

Mstari wa pili ulikuwa mzito. Nyasi mbichi hazikatiki kama nywele. Zinajikunja, zinaganda, zinajishindilia chini ya mashine kama ugali uliokosa maji. Wa tatu ulikuwa mzito zaidi. Katikati ya wa nne, mashine ikanyamaza ghafla.

"Umeiua," Enno alisema.

"Imekabwa na nyasi tu. Babu alikuwa anaichokonoa."

Wiebke hakujua kilichotokea hasa. Maji yalikuwa yameingia kwenye maungio yale ya waya, na swichi ya usalama iliyo kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba ilikuwa imeruka, kama inavyopaswa. Umeme wa nyumba nzima ulikuwa umekatika. Redio ya Bibi ilikuwa imenyamaza, na oveni imezimika keki ikiwa ndani, imevimba nusu tu.

Wiebke aliivuta mashine nyuma, waya ukaburuzika naye, na maungio yakatoka kwenye maji yakakaa juu ya vijiwe vya njia. Akaipindua mashine ubavu. Plagi ilikuwa bado imechomekwa. Kamba ilikuwa bado imekazwa. Akapiga goti na kuingiza mkono chini, akaanza kung'oa mabonge ya nyasi kwenye kisu.

Ndani ya nyumba, Bibi Theda aliitazama oveni yake, akashika kiuno. "Si leo!" aliiambia. Akaelekea kwenye kisanduku cha umeme.

Wakati huohuo, kichwa cha Bwana Ubben kikachomoza juu ya ua.

"Moin!" akasema.

Sasa, watu wa huku wana salamu moja tu, asubuhi hadi usiku, kwa mchungaji na kwa mwizi. Ukisalimiwa moin, unajibu moin na unainua mkono. Ukinyamaza, umetangaza vita vitakavyodumu hadi wajukuu. Wiebke hakufikiri. Akauchomoa mkono chini ya mashine, uliojaa tope la nyasi, akauinua juu.

"Moin, Bwana U…"

Ndani, Bibi akaipandisha swichi.

Kisu kikazunguka. Kilizunguka kwa mlio ambao Wiebke hakuwahi kuusikia, kwa sababu hakuwahi kuusikia akiwa karibu namna ile. Mabonge ya nyasi yakamrukia usoni. Mashine ikatetemeka ubavuni kama mnyama aliyeamshwa kwa teke. Wiebke akaanguka kinyumenyume, mkono wake bado uko hewani, kana kwamba anaendelea kusalimia.

"Plagi! Chomoa plagi!" Bwana Ubben alipiga kelele.

Enno alikimbia hadi ukutani, akachomoa. Kimya kikaanguka. Wiebke alivitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua. Vyote vilikuwapo.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. "Nani anachezea umeme wangu? Keki yangu ime…" Bibi Theda akaiona mashine iliyopinduliwa. Akaona uso wa mjukuu wake, mweupe chini ya nyasi.

Enno aliinama, akanong'ona haraka, "Toa kamba, iweke mfukoni. Sema mashine ni mbovu, imejiwasha yenyewe, Bibi atatungoja itengenezwe. Ukisema kweli, kesho ni kokoto!"

Wiebke aliitazama kamba. Kuifungua kusingechukua muda wowote. Uwanja ungepona, na jina la Babu lisingeguswa. Lakini aliitazama pia mashine, akafikiri: siku nyingine mtu mwingine ataamini ni mbovu tu, hatajua habari ya kamba wala plagi, naye ataingiza mkono.

"Bibi," alisema, "haijajiwasha. Niliufunga wenzo kwa kamba, kama Babu. Sikuchomoa plagi. Na sikumngoja mama. Mkono wangu ulikuwa ndani, Bibi. Ulikuwa ndani sasa hivi tu, na ungekuwa humo bado kama Bwana Ubben asingenisalimia."

Bibi Theda hakugomba. Alivishika vidole vya mjukuu wake kimoja kimoja, kama anayekagua mayai sokoni. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kisu kidogo cha kumenyea viazi, akainama penye mpini na kuikata ile kamba.

"Miaka yote niliilalamikia kamba hii," alisema. "Nikamwambia, Harm, ipo siku. Akanibusu utosini, akapiga mluzi. Ubben, wewe ulisikia?"

"Nilisikia," alijibu Bwana Ubben juu ya ua. "Nilisikia hata nilipokuwa sitaki."

"Samahani, Bibi," Wiebke akasema, machozi yakimtoka sasa. "Nilitaka iwe kama zamani."

"Na mimi nataka. Kila siku nataka. Ingia ndani unawe."

Jumapili walikuja wote kunywa chai. Uwanja ulikuwa kichekesho: mistari mitatu na nusu iliyonyolewa, kwingine pori, kama kichwa cha mtu aliyemkimbia kinyozi. Keki ilikuwa bapa. Mjomba Focko aliichoma kwa uma, akautazama uwanja, akafurahi kupata mambo mawili ya kutania kwa mpigo.

"Basi, Mama, nilete kokoto za kijivu au nyeupe?"

Wiebke aliinamia kikombe chake.

"Zipeleke kwako," Bibi alijibu. "Uliuliza nani atakata. Sasa nimepata mtu."

"Huyu? Aliyetaka kujikata vidole?"

"Huyu. Angeweza kunidanganya na uwanja ukabaki wake, akasema kweli akijua atakosa. Mtu anayesema kweli unaweza kumfundisha. Anayeficha utamfundisha nini? Kula keki, Focko."

Mjomba akala. Haikuwa rahisi.

Jumatatu ilikuwa ya jua na upepo. Jioni nyasi zilikuwa zimekauka, na waya wa nyongeza mpya ulikuwa umenunuliwa, maungio yake yana kifuniko. Mama alisimama mlangoni akiwa bado na sare ya kazini. Bibi Theda aliketi kwenye ngazi na kuamuru kama nahodha.

"Viatu?"

"Vigumu, Bibi. Vimefunika vidole."

"Enno, uwanja?"

"Nimeokota vijiti, mawe, na soksi ya mtu," Enno alijibu. "Soksi sijui ya nani, na sitaki kujua."

"Waya?"

"Nimeukagua wote, haujachubuka. Utakuwa nyuma yangu, begani. Naanzia karibu na ukuta wenye plagi, nakwenda mbali nao, nisiupande waya."

"Na nyasi zikiikaba?"

"Naachia wenzo. Nangoja kisu kisimame. Nachomoa plagi, naishika mwenyewe niione. Halafu nachokonoa kwa kijiti, si kwa mkono."

"Basi kata."

Wiebke akabana wenzo. Vidole vilichoka upesi, na kila vilipochoka aliachia, mashine ikanyamaza, akapumzika. Mistari haikunyooka kama ya Babu. Alipofika katikati ya uwanja alisimama, na macho yakamlowa.

"Harufu ni ileile, Bibi," alisema.

Bibi Theda aliinuka, akamjia. "Nikuambie jambo, mjukuu wangu, na Enno asikie pia. Babu yako alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowajua, na kamba yake ilikuwa ya kijinga. Yote mawili ni kweli, na moja haliliondoi jingine. Tunaowapenda wametuachia vitu vingi. Chukua mluzi wake, chukua uvumilivu wake, chukua chai kwenye ngazi. Makosa yake mwachie aende nayo. Mashine ya umeme haijui kama unampenda mtu au una haraka ya Jumapili. Yenyewe inajua kitu kimoja tu, kuzunguka. Kufikiri ni kazi yako."

Wiebke aliitikia kwa kichwa, akajifuta macho.

"Nimemaliza kuhubiri," Bibi alisema. Akatazama miguu yake. Ndipo watoto walipoona kwamba alikuwa amevaa viatu vikubwa vya bustani. Katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi hata siku moja kuigusa mashine ile. "Sogea. Shika waya. Sasa ni zamu yangu."

Akabana wenzo kwa mikono miwili, akaondoka. Mstari wake ulipinda kushoto, ukapinda kulia, ukaikosa miwaridi kwa bahati tu, na Bwana Ubben akautazama tu juu ya ua. Wiebke alimfuata nyuma, waya begani, akicheka hadi mbavu zikauma.