Stuli ya Mpiga Drams

Jua likizama, Mtikiso alipanda ngazi za chumba cha mazoezi kufuata kitu kimoja tu: stuli yake.

Si drams. Drams wabaki nazo, wazichemshe wanywe supu. Alitaka ile stuli ya ngozi nyeusi aliyoikalia miaka ishirini na miwili, akiipigia drams bendi ambayo ikianza tu, walinzi walikuwa wanaacha lango wazi na kuingia kucheza. Nimeongeza chumvi, lakini si nyingi.

Hasira ilikuwa inamchemka tangu asubuhi. Mwimbaji wa bendi ni shemeji yake, mume wa dada yake, na hakuwa na uso wa kumfukuza mwenyewe. Alimtuma mkewe. Dada wa watu akazunguka na maneno wee, mwishowe akalitema: kesho anakuja mpigaji mpya, watu siku hizi wanataka sura changa.

"Miaka yote hiyo," Mtikiso alisema, "halafu ananitumia wewe?"

Dada alipoondoka, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi.

Hapo ndipo alipoogopa.

Maana stuli ile ilikuwa na lake. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanzilishi wa bendi, waliyemwita Kaka Mkubwa. Alipougua, Mtikiso alimwahidi kumshikia nafasi wiki moja tu. Wiki hiyohiyo akaenda kwa mganga, akapewa kifurushi cha kitambaa chekundu, akakishonea ndani ya stuli. Mikono ya Kaka Mkubwa ikanyauka, akazikwa nayo hivyohivyo. Mganga alitoa onyo moja: siku mwingine akiikalia, mikono yako itamfuata.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia sauti. Akafungua mlango.

Kimya.

Halafu ile harufu... Dawa ya kuchua, ile kali ya kikopo. Kaka Mkubwa alikuwa akijipaka viganjani kabla ya kila shoo.

Mwingine angeshuka ngazi nne nne. Mtikiso, kwa hasira zake, akajiambia ni shemeji amejificha ili amcheke.

Ssssrrr...

Ilikuwa ngoma ndogo, ile yenye nyaya chini yake. Mpiga drams yeyote anajua: mtu akiongea karibu nayo, nyaya hutetemeka. Sasa zilikuwa zinatetemeka. Na hakuna aliyekuwa anaongea.

"Shemeji, toka," alinong'ona.

Ssssrrr...

Akafanya kosa ambalo mpiga drams halifanyi kwenye chumba kitupu. Akaokota vijiti, akavigonganisha mara nne ili amshtue. Kwenye bendi yao vijiti vikilia mara nne, aliyemo chumbani anaingia kwenye wimbo. Awe nani.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Du!

Pedali ya ngoma kubwa ilishuka yenyewe.

Ukaja wimbo wao wa kwanza, polepole, kama alivyoupenda marehemu. Na ngozi ya stuli ikabonyea... taratibu... kama inampokea mtu mzito.

"Inuka," Mtikiso alifoka, machozi ya hasira yakimtoka. "Hiyo ni yangu. Nimeitolea jasho."

Drams zikanyamaza. Nyaya zikatetemeka tena, na safari hii ndani ya mtetemo mlikuwa na maneno.

"Ulisema wiki moja."

Vijiti vikaanguka. Alijaribu kuviokota. Vidole vikakataa, vyote kumi.

Alishuka zile ngazi bila stuli, na sidhani alizikanyaga.

Kesho yake mpigaji mpya aligoma kuikalia. Alisema ina joto, kama kuna mtu ametoka kuinuka sasa hivi. Shemeji akapiga simu kwa sauti ya upole, akimwomba Mtikiso arudi, yaishe. Mke wa Mtikiso alimshikia simu sikioni. Angejibu nini, wakati hata chai ananyweshwa?

Miezi ikapita. Jioni moja redio ya jirani ikapiga wimbo mpya wa bendi. Mtikiso akakaa wima. Kabla ya kiitikio palikuwa na mapigo matatu ya kuchelewa, kama mtu aliyejikwaa akajishika. Hakumfundisha mtu mapigo yale. Yalikuwa ya mkono wake wa kushoto.

Shemeji anaapa mpaka leo kwamba walirekodi sauti na gitaa tu. Asubuhi wakakuta drams zimo.

"Ile ni mikono yangu," Mtikiso alisema.

"Mikono yako hii hapa, baba watoto," mkewe alimjibu taratibu.

Wimbo ulipoisha, mtangazaji akasema hajawahi kusikia mpigaji kama yule, anayemjua apige simu.

"Piga! Waambie ni mimi!"

Mke akaanza kubonyeza namba. Hakumaliza. Mtangazaji alikuwa anacheka, akisema hakuna haja tena, mwenyewe ameshapiga, yuko hewani. Akamkaribisha ajitambulishe.

Ikasikika pumzi. Ndefu, nzito.

Mtikiso aliitukana redio ile hadi koo likakauka. Ndani ya redio, mwenzake aliendelea kuvuta pumzi, bila haraka yoyote.