Bega la Mwalimu

Kila siku, kengele ya mwisho ikishalia, msichana mmoja wa darasa la sita alivuka barabara, akapita duka la vioo na karakana ya baiskeli, akaingia mlango wa nyuma wa kituo cha tiba ya viungo. Hakuwa mgonjwa. Mama yake alikuwa mkandaji wa misuli hapo, na nyumbani hapakuwa na mtu mpaka baba arudi kutoka kazini saa kumi na mbili. Kwa hiyo alikaa katika chumba cha kufulia, akafanya kazi za shule juu ya meza ya kupigia pasi, kisha akakunja taulo. Ndogo zilikunjwa mara tatu, kubwa mara nne. Baba yake alimpa jina la Chiriku tangu alipojifunza kusema, maana tangu siku hiyo hakunyamaza, na jina hilo lilimfuata hadi shuleni.

Kazi ya mama ilikuwa na masharti mengi kuliko shule. Kucha ziwe fupi. Mikono ioshwe hadi viwikoni, kabla na baada. Mteja aulizwe anaumwa wapi, tangu lini, na kama yuko tayari kuguswa hapo. Akisema basi, mkono uinuke kwanza, maswali yafuate. Sehemu isiyokandwa ifunikwe shuka. Chiriku aliyajua yote hayo, na hayakumsumbua. Lililomkera lilikuwa moja tu: mama hakuwa akianza kumsalimia njiani mtu yeyote anayemtibu.

"Mtu akija kwangu, ni juu yake kuamua nani ajue," mama alimweleza. "Nikimchangamkia akiwa na shemeji yake, shemeji atamuuliza, 'Huyu mmejuana wapi?' Itabidi aseme uongo au ataje ugonjwa wake. Akinisalimia yeye, hapo namwitikia mpaka achoke."

Majirani hawakuelezwa hayo. Walichoona ni mwanamke anayewapita watu wazima bila hata kusema habari za leo, nao wakambandika jina la Mama Maringo.

Jumatatu moja, Chiriku akiwa katikati ya taulo zake, alisikia kikohozi anachokijua upande wa pili wa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba. Kikohozi kilikuwa cha mwalimu wa Hisabati, ambaye wanafunzi walimwita Kipeo, ingawa si mbele yake.

"Mkono huu haupiti bega," mwalimu alisema. "Naandika nusu ya chini ya ubao tu. Asubuhi mke wangu ndiye anayenivisha shati. Tafadhali, hili lisifike shuleni. Wale watoto wakiona ufa, wanatia kidole."

"Halitoki hapa," mama akajibu.

Chiriku angeweza kukohoa na yeye, au angetoka akakae uani. Aliendelea kukunja taulo, tena polepole, ili asipitwe na neno.

Siku tatu alikaa nalo bila kulisema, na kwake huo ulikuwa ushindi. Alhamisi asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, msichana aliyekaa naye dawati moja, aliyeitwa Mrefu kwa urefu wake, alimgeukia.

"Jana nimemwona mama yako sokoni. Kampita Kipeo kama anapita nguzo ya umeme. Mwalimu mzima! Mama anasema maringo yamemfika hapa." Akajigusa paji la uso.

"Mama hana maringo."

"Kumbe ana nini? Haoni?"

Wasichana wawili wa dawati la mbele wakacheka. Chiriku alipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakuwepo darasani.

"Kwa taarifa yako, hamsalimii kwa sababu anamtibu! Mkono wake wa kulia haupandi. Hata shati anavishwa na mkewe. Kamwomba mama asiseme, ndiyo maana mama anampita kimya. Haya, mwenye maringo nani?"

Chiriku alijiona mshindi, lakini kwa muda mfupi sana. Alipoona jinsi macho ya Mrefu yalivyokuwa yakimeta, akawageukia wote watatu.

"Lakini msimwambie mtu," akasema.

"Nani, mimi? Mimi kaburi."

Kaburi lilifunguka kabla ya chakula cha mchana. Kila mmoja alimwambia mwenzake mmoja tu, tena kwa kuapishana, na darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja.

Ijumaa, mtundu mmoja wa dawati la nyuma alipanda juu ya kiti, akaandika neno kubwa katika kona ya juu kabisa ya ubao. Mwalimu wa Hisabati alipoingia, akaombwa kwa sauti ya upole: "Mwalimu, tusaidie kulifuta. Sisi hatufiki."

Kwa mazoea mwalimu alichukua kifutio kwa mkono wa kulia, akauinua. Mkono ulifika usawa wa kidevu, ukagoma. Uso wake ukajikunja kwa maumivu. Darasa likaangua kicheko, na katikati ya kicheko mtu akasema, "Amwite mkewe!"

Mwalimu hakupiga kelele, wala hakumtafuta aliyesema. Alikiweka kifutio mezani, akasimama kidogo akiwatazama. Habari ya shati ilijulikana nyumbani kwake, na nje ya nyumba yake alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Hesabu hiyo haikuhitaji ubao.

"Fungueni ukurasa wa hamsini na nane," alisema, akafundisha kwa mdomo mpaka kengele ikalia. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu hakumtazama hata mara moja.

Jumatatu iliyofuata alimkuta mama mlangoni pa kituo, koti jeupe la kazi limekunjwa mkononi.

"Twende nyumbani," mama akasema. Baba aliporudi ndipo alipoeleza. "Mteja amenishtaki kwamba nimetoa siri yake. Nimesimamishwa mpaka kikao cha Ijumaa. Wakiona nina hatia, naachishwa kazi na kibali changu cha kukanda kinachukuliwa."

"Mteja gani huyo?" baba akauliza.

"Mteja."

"Na ulisema?"

"Sikusema."

"Si uwaambie hivyo?"

"Nimewaambia, mume wangu. Nao wakaniuliza, kama si wewe, nani? Sikuwa na jibu."

Chiriku alikuwa akichambua mchele. Aliinamia ungo, akatafuta mawe ambayo hayakuwemo. Alinyamaza jioni nzima, hata baba akamgusa shingo kuona kama ana homa.

Asubuhi alimkuta mama akilipiga pasi lile koti. Alilinyoosha kola, akageuza mikono, akarudia tena kola, wala hakuwa na pa kwenda nalo.

"Mama, si hutoki leo?"

"Mikono imezoea, mwanangu."

Hapo Chiriku akashindwa kujizuia. "Ni mimi," akasema huku analia. "Nilisikia kupitia ukutani. Nikamwambia Mrefu. Walikuwa wanasema una maringo."

Mama akaizima pasi. Chiriku alingoja kofi, na moyoni alilitamani, kwa kuwa kofi lina mwisho.

"Ulijua kwamba ni siri?" mama akauliza.

"Nilikusikia ukimwahidi."

"Vaa viatu."

Ofisi ya msimamizi wa kituo ilikuwa na meza moja, viti viwili na kabati la chuma la majalada, lenye kufuli. Msimamizi, mzee mwenye miwani minene, alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho bila kumsaidia kutafuta maneno. Alipomaliza, mama naye akasema, na Chiriku hakulitarajia alilolisema.

"Kosa la kwanza ni langu. Mimi ndiye niliyemweka mtoto mahali sauti inapofika. Nilimwambia mteja kwamba halitoki humu, wala sikuutazama ukuta."

Msimamizi akaandika kwa muda mrefu. Mama alipewa onyo la maandishi, kikao cha Ijumaa kikafutwa, akaruhusiwa kurudi kazini kesho yake. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa mfanyakazi aliyeruhusiwa kukaa karibu na vyumba vya tiba.

"Mteja nitamweleza mimi mwenyewe leo," msimamizi akasema. "Wewe usimfuate."

"Simfuati, mzee. Hata kwa kumwomba radhi, mteja hafuatwi kwake."

Njiani Chiriku alisema kwamba kesho atasimama mbele ya darasa zima aombe radhi. Alidhani mama atamsifu.

"Hapana," mama akasema. "Ukisimama mbele ya watu arobaini utakuwa umeitangaza mara ya pili. Mwombe radhi yeye mwenyewe, mkiwa wawili, kwa maneno machache. Tena usimharakishe akusamehe ili wewe upate nafuu."

Jumatano, wenzake walipotoka kwenda mapumziko, Chiriku alibaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyesema. Mama hakuniambia kitu. Nilisikia nikiwa upande wa pili, nikasema. Naomba radhi."

Mwalimu alikuwa akifunga mkoba wake kwa mkono wa kushoto, na ilimchukua muda. "Msimamizi amenieleza," akasema. "Nilimshtaki mama yako kwa kosa ambalo hakulitenda, na barua ya kuyafuta mashtaka nimeshaiandika. Ama wewe, nimekusikia. Lakini sitakudanganya: bado inaniuma. Kila nikiingia humu najua mnautazama mkono wangu, si hesabu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nenda kapumzike."

Chiriku alitoka. Alikuwa amefikiri kwamba kusema kweli kutamwondolea mzigo wote, akaona umepungua nusu tu.

Tangu hapo, baada ya shule, alikaa katika maktaba mpaka baba ampitie. Kwa hiyo hakujua nani anaingia kituoni na nani anatoka. Alichokiona ni ubao. Mwezi ulipokwisha, maandishi ya mwalimu yalianza kupanda, mstari mmoja leo, mwingine wiki ijayo, na darasa likayanakili kimya. Siku yalipopita usawa wa kichwa cha mwalimu, Chiriku alimtangulia baba njiani mbio, akamkuta mama nyumbani akiosha vyombo.

"Mama! Mwalimu wa Hisabati amerudi kwako? Bega lake limepona?"

"Muulize mwenye bega."

"Lakini mimi ni mwanao! Halafu yote nimeshayajua!"

Mama akafuta mikono, akavuta kigoda akaketi.

"Uliyoyasema siku ile yalikuwa uongo?"

"Hapana. Yalikuwa kweli."

"Kweli tupu. Na angalia yalivyomfanya. Watu hudhani jambo likiwa kweli, basi lina ruhusa ya kwenda popote. Halina. Lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayetoa ruhusa. Mtu anapolala mbele yangu ananiachia mgongo wake, maumivu yake na aibu yake, naye hawezi hata kuniona usoni. Kukanda naweza kumfundisha mtu yeyote kwa miezi sita. Kuaminiwa hakufundishwi, na kukipotea hakununuliki."

Chiriku akainama. "Lakini watu wanakuita Mama Maringo, na wewe huwajibu. Huoni vibaya?"

"Naona vibaya sana," mama akasema. "Sasa nijibu nini? Jina baya wakinipa mimi, ninalibeba mimi. Siri ya mtu nikiiangusha, anayeumia ni yeye."