Aliyetoboa Paa la Ukumbi

"Usinishike."

Mwalimu wa maigizo aliuondoa mkono wa mchumba wake begani, akaendelea kukamua tambara. Mvua ya alfajiri ilikuwa imemwagika moja kwa moja jukwaani, na mapazia mekundu ya ule ukumbi mkongwe yalikuwa yakichuruzika maji.

"Jengo limekwisha hili," alisema mchumba, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa ukumbi. "Jioni kwenye mkutano nawe useme hivyo hivyo. Watu wanakuamini."

"Limekwisha lini? Juzi watoto wamecheza hapa mvua ikinyesha, hakuna tone lililodondoka."

"Una maneno sana wewe."

"Na wewe una haraka ya kuuza."

Meneja akaondoka bila kuaga. Mchana simu ya mwalimu ikalia, ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya meneja, laini kama ya siku za mwanzo.

"Mpenzi, tusigombane. Nakwambia ukweli, ubaki nao. Mabati ya juu ya jukwaa niliyatoa mimi. Bila hivyo wanakamati wa ukumbi wasingekubali kuuza. Mnunuzi ameniahidi kazi ya maana, tutafunga ndoa, tutatoka kwenye chumba cha kupanga. Nimefanya kwa ajili yetu. Ukimaliza kusikiliza, futa."

Mwalimu alisikiliza mpaka masikio yakapata moto. Tatizo ni kwamba alimpenda. Lakini humo ukumbini ndimo mtaa mzima ulimolala mto ulipofurika, yeye akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Humo ndimo walimouaga mwili wa baba yake.

Jioni viti vyote vilijaa. Meneja alishika kipaza sauti, uso wa huzuni.

"Ndugu zangu, mimi naumia kuliko nyote. Ila paa limeoza. Muulizeni hata mchumba wangu."

Mwalimu alisimama, akaenda mbele. Aliushika mkono wa meneja wenye kipaza sauti, akakisogezea simu, akabonyeza.

Ujumbe ukaisha. Kisha shangazi yake mwalimu, muuza tiketi wa ukumbi, akainuka mstari wa mbele.

"Kumbe baba, mimi nahangaika na ndoo, wewe unatoboa?"

Ukumbi ukalipuka kwa zogo. Meneja alimfuata mwalimu mpaka nje, jasho likimtoka.

"Umenianika."

"Ulitaka nikusaidie kuwadanganya."

"Nilikwambia kama mke wangu."

"Mimi si mke wako. Na kwa mwendo huu sitakuwa."

Akavua pete, akamtilia mfukoni mwa shati, akarudi ndani kwa watu wake.

Baadaye ukaingia ujumbe wa meneja: "Nifanye nini?"

Akajibu: "Kesho uje na mabati. Upande paani mwenyewe, watu wakikuona. Habari za ndoa usinitajie."

Asubuhi meneja alifika na mabati begani. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Aliegemeza ngazi ukutani, ikayumba. Akatazama huku na huku, kila mtu akageuza uso. Shangazi akatema mate pembeni.

Mwalimu alisubiri kidogo. Kisha akaenda, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Basi panda."