Kimbunga cha Daraja la Pili

Kila Jumamosi asubuhi Hilwa alipanda pikapu ya baba yake kutoka mtaa wa Al Muraqqabat hadi mtaa wa Oud Metha, katika mji wa Kiarabu walikoishi, miguu juu ya sanduku la spana kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka. Mdogo wake Badar, mwenye miaka sita, alikaa katikati akiuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Baba yao, Bwana Thuwein, alikuwa fundi wa mapaa ya turubai ya kuegeshea magari. Alijibu maswali yote, lakini moja alilipenda kuliko mengine.

"Baba, nguzo ina bolti ngapi?"

"Nne, mwanangu. Meza ina miguu mingapi? Basi na nguzo vivyo hivyo."

Aliwashusha kwenye ukumbi ambapo watoto wa Afrika Mashariki walisoma Kiswahili siku za mapumziko, kisha akaenda zake kazini.

Jumamosi ile ya Machi 2016, hata hivyo, haikuwa kama nyingine. Siku tatu kabla, kimbunga chembamba kilikuja pamoja na mvua, kikazunguka mtaani kama pia na kuliangusha paa la maegesho kando ya ukumbi. Gari moja lilipondeka, ila kwa bahati halikuwa na mtu ndani. Paa hilo lilikuwa kazi ya Bwana Thuwein. Paa jingine, alilolijenga uani wiki moja na hilo, miaka kadhaa nyuma, ambapo watoto wadogo hukaa kwenye mikeka, lilibaki limesimama. Msimamizi wa ukumbi, Bi Khairiya, alilizungushia kamba ili asikae mtu chini yake mpaka ijulikane kama ni salama.

Mwalimu Monicah, Mkenya asiyeacha jambo lipite hivihivi bila kulifundishia, aliwapanga wanafunzi wake wakubwa mbele ya lile paa lililolala chini.

"Kimbunga hakikungoji ulete kipimo," alisema. "Kikishapita, wapimaji huenda kutazama kilichovunjika, kisha wanakadiria nguvu ya upepo, kuanzia daraja la sifuri mpaka la tano. Leo wapimaji ni nyinyi. Zungukeni, kisha mje mbishane."

Hilwa hakuona haja ya kuzunguka. Jumatano usiku alimsikia baba akimwambia mama kwamba upepo ule haukuwa wa kawaida, na kwake neno la baba lilikuwa limemaliza kila kitu.

"Daraja la pili," alisema. "Tazameni nguzo za chuma zilivyolala. Upepo mdogo hauwezi kung'oa chuma."

Nuwa, mvulana wa Kiganda ambaye mama yake alifanya kazi hotelini, alitikisa kichwa. "Mimi nasema sifuri, na hiyo yenyewe naitoa kwa huruma. Huo mtende uko hatua kumi tu kutoka hapa, na haukuvunjika hata kuti. Kibao cha duka la chai ni bati tupu, na bado kinaning'inia. Upepo gani huo unaacha bati na kuchukua chuma?"

Wanafunzi wakacheka. Hilwa aliona masikio yakimwaka moto. "Kimbunga hupita njia nyembamba. Kinaweza kukosa mti na kupiga nguzo."

"Hoja zote mbili ni nzuri," alisema Mwalimu Monicah. "Lakini mpimaji haulizi tu kimevunjika nini. Anauliza pia kilikuwa kimesimamishwa vipi. Kitu kilichofungwa vibaya huanguka kwa upepo mdogo. Hilwa, wewe ni mtoto wa fundi. Nenda kwenye kitako cha nguzo, ututazamie bolti zilikuwa ngapi."

Alikwenda akiwa na uhakika wote. Alichuchumaa, akaufagia kwa kiganja mchanga ulioletwa na upepo. Kisha mkono ukasimama.

Kwenye zege kulikuwa na vipande viwili vya bolti vilivyokatika. Pale palipotakiwa kuwa na vingine viwili, zege lilikuwa zima, halijawahi kutobolewa. Aligeukia bamba la chuma lililokuwa chini ya nguzo. Matundu yalikuwa manne, lakini mawili yalikuwa yamezibwa kwa gundi na kupakwa rangi vizuri kabisa. Akaenda nguzo ya pili, akakuta mambo ni yaleyale. Baba, anayehesabu hata miguu ya meza, alikuwa ameweka bolti mbili.

"Ngapi, Hilwa?" aliita mwalimu.

Akausukuma mchanga kwa kiatu, ukarudi mahali pake. "Nne," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Nuwa alikuna kichwa, akakubali kushindwa. Mwalimu akaandika kwenye daftari: daraja la pili. Bi Khairiya, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alipumua kwa furaha.

"Alhamdulillahi. Kama lile la uani limestahimili upepo wa namna hiyo, basi ni imara. Yalla, watoto, rudini kwenye kivuli chenu."

Akaifungua kamba. Watoto wadogo wakakimbilia mikeka, na wa kwanza kukaa, mgongo ukiegemea nguzo, alikuwa Badar.

Hilwa aliganda. Uwongo wake, ambao haukuwa umemaliza hata dakika tano, ulikuwa umemweka mdogo wake chini ya chuma.

"Watoeni," alisema. Hakuna aliyemsikia, akasema tena kwa nguvu zaidi. "Bi Khairiya, watoeni. Nimesema uwongo. Bolti ni mbili."

Mwalimu Monicah ndiye aliyeanza kuwabeba watoto. Bi Khairiya alikuwa tayari ameshika simu, akimwita Bwana Thuwein.

Alifika na sanduku lake la spana. Alipiga magoti kwenye nguzo ya uani, akakwangua rangi kwa bisibisi, na gundi ikatoka vipandevipande.

"Ilikuwa Alhamisi, kesho yake Ramadhani," alisema. "Drili ilituharibikia. Nikasema zilizobaki tutakuja kutia Jumamosi inshallah, nikaziba matundu ili kazi ionekane imekwisha. Jumamosi hiyo haikufika. Nikasahau, Khairiya. Na Jumatano nilipoona paa limeanguka nikakumbuka, nikausingizia upepo."

Hilwa hakuthubutu kumtazama. "Baba, mimi nimekuaibisha."

"Aibu nimejitia mwenyewe, mwanangu. Wewe umenirudishia Badar."

Siku ile hakuondoka mpaka kila nguzo ya uani ilipopata bolti zake nne, Hilwa akimshikia taa kwenye kila tundu. Alimwahidi Bi Khairiya kwamba lile la maegesho atalijenga upya na mwenye gari atakwenda kumwona yeye mwenyewe. Kisha, baada ya kusimuliwa na mwalimu habari za upimaji wao, akawaendea wanafunzi, mikono imejaa vumbi la zege.

"Mmeandika daraja gani?"

"La pili," alijibu Nuwa kwa sauti ya chini.

"Futeni. Andikeni sifuri, na chini yake andikeni jina langu."

Mwalimu Monicah alimpa Hilwa kalamu, naye akaandika.

"Muitazame karatasi hiyo vizuri," Bwana Thuwein aliwaambia wote. "Mimi nilificha matundu mawili, na mtoto wangu akajifunza kuficha kwa ajili yangu. Kosa likisemwa mapema, linarekebishwa kwa spana. Mkilificha, kuna mtu atakuja kukaa chini yake."

Badar alimvuta shati. "Baba, nguzo ina bolti ngapi?"

Bwana Thuwein alijipangusa vumbi mikononi. Alimshika mkono mtoto, akampeleka kwenye nguzo, akamwambia ahesabu mwenyewe.